Suti isiyokunywa maji

Wimbi la kwanza lilinipita juu ya kichwa, na kabla sijatoa uso nje nikahisi kitu kama kamba ya barafu kikiteremka kutoka kisogoni, kikafuata uti wa mgongo na kujikusanya kiunoni. Maji yalikuwa nyuzi 9. Nilikuwa nimevaa wetisuti, ile nguo ya mpira inayobana mwili mzima, tena nene, milimita 5 kifuani kama lebo ilivyosema. Kila nilipokata maji kwa mikono, yale maji ya kiunoni yalitoka na mengine mapya yakaingia. Dakika 20 hazijaisha, vidole vikawa havinisikilizi tena; nilishindwa hata kuushika ubao vizuri. Nikatoka. Mawimbi yalikuwa mazuri siku ile, marefu, yakivunjika taratibu kuelekea kulia, nami nimekaa mchangani natetemeka, nayatazama.

Suti ile niliichagua kwa mambo mawili: ilikuwa nene na ilikuwa rahisi. Nilidhani unene ndio joto, basi nikipata unene mwingi kwa hela kidogo nimeshinda. Muuzaji naye hakunisahihisha. Aliniambia nichukue iliyo kubwa kidogo ili nipumue. Mzee mmoja aliyekuwa anateleza juu ya mawimbi kwa ubao siku ile alinikuta pale mchangani, akaishika suti yangu pale kiunoni kwa vidole viwili, akaivuta, maji yakamwagika. "Mwanangu," akaniambia, "suti hii inakunywa maji. Hata ungevaa mbili, utaganda tu."

Neno hilo la kunywa maji ndilo lililonifungua macho. Tangu hapo nimenunua suti nne, mbili zikiwa mtumba, na nimewasaidia wenzangu kadhaa kutafuta zao. Naandika haya kwa ajili ya yule anayetaka kuteleza kwenye maji ya baridi, ana hela kidogo, na hawezi kumudu kukosea mara mbili.

Kwanza ni lazima ujue joto linatoka wapi, maana ukilijua hili hutadanganywa dukani. Maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa, takriban mara 25. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Hugh Bradner, alikuwa akitafuta namna ya kuwakinga wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji la Marekani na baridi. Wengine walikuwa wakihangaika kutengeneza nguo isiyoingiza hata tone. Bradner aliona tofauti: mwili unaweza kuwa na maji kidogo juu ya ngozi na bado ukabaki na joto, mradi kitambaa chenyewe kina viputo vya gesi vilivyofungiwa ndani yake. Mpira wa neopreni, ambao kampuni ya DuPont iliuvumbua mwaka 1930, ulifaa sana kwa kazi hiyo ulipofanywa kuwa kama sponji ya viputo vidogo visivyopitishana. Muda si mrefu Jack O'Neill kule San Francisco na ndugu wawili wa familia ya Meistrell kusini mwa California wakaanza kuwauzia watelezaji suti za namna hiyo.

Kwa hiyo kinachokupa joto ni vile viputo. Yale maji membamba yaliyobanwa kati ya ngozi na mpira hupata joto la mwili wako mara moja, yakatulia, hayakudhuru. Balaa ni pale yanapoanza kutembea. Tone jipya likiingia, mwili unalipasha upya; likitoka, limeondoka na joto lako. Mpira wa milimita 5 unaopitisha maji shingoni unakuacha na baridi kuliko wa milimita 4 ulioziba. Ukishika jambo hili moja, orodha ya vitu vya kutazama unaponunua inajipanga yenyewe: suti ikukae, mishono izibe, kisha ndipo uulize unene. Jina la kampuni liwe la mwisho kabisa.

Kukaa mwilini ni bure, ndiyo maana ninalianza hilo. Suti ya bei ya chini inayokukaa sawasawa itaishinda ya bei mbaya iliyolegea. Usinunue kwa kukisia. Nenda ukajaribu, na nenda na subira, kwa sababu kuvaa suti mpya nene kunaweza kukuchukua dakika 10 na jasho likutoke. Vaa mfuko wa plastiki mguuni, mguu utateleza bila kung'ang'ana. Vuta kwa nyama ya vidole, kamwe si kwa kucha. Kucha moja ndefu inaweza kutoboa mpira kabla hata hujalipa. Panda nayo kidogo kidogo: vifundo, vigimbi, magoti, mapaja, hadi msamba ukae hasa mahali pake. Watu wengi huishia na suti iliyoning'inia kidogo chini ya msamba, halafu wanailaumu kwamba inabana mabega. Mabega hayana kosa, suti haijapandishwa.

Ukishaivaa, jikague sehemu nne. Kwapani pasiwe na mfuko wa hewa. Msamba ukae bila nafasi. Shingo ikukabe kiasi cha kuisikia, lakini unaweza kumeza mate na kugeuza kichwa. Na mgongo wa chini, pale penye bonde juu ya makalio, ndipo penye siri. Ushike mpira wa hapo, uuvute nje, uuachie. Ukirudi ukagonga ngozi na kutulia, vizuri. Ukirudi na mlio wa hewa, au ukabaki umesimama kama hema, hapo ndipo ziwa la maji litakapokaa. Suti yangu ya kwanza ilikuwa na hema hilo.

Kisha chuchumaa kabisa. Nyoosha mikono juu, izungushe kama unayekata maji kuelekea wimbi. Vuta pumzi hadi mwisho. Uzito kidogo ni wa kawaida, kwani suti mpya ni ngumu na italegea kiasi ikishalowa na kuvaliwa mara chache. Ukijisikia umevaa nguo ya kulalia, imekuzidi. Teremka saizi moja. Pia usishangae ukikuta saizi ya kati ya kampuni moja inakukaa na ya nyingine inakukataa. Kila kampuni ina kielelezo chake cha mwili. Warefu wembamba watafute zenye herufi T pembeni ya saizi, wafupi wenye kifua kipana watafute zenye S, maana suti iliyonyoshwa kwa urefu huvuta mabega na kuchosha mikono, na iliyozidi urefu hukunjamana nyuma ya magoti hadi ikachubua.

Sasa mishono. Hapa ndipo hela yako ielekee, na hapa ndipo watu wasipotazama. Suti haijakatwa kutoka kipande kimoja. Ni vipande vingi vilivyounganishwa, na kila palipounganishwa ni mlango. Kuna namna mbili kuu. Ya kwanza ni mshono bapa, ambao sindano hupita kutoka upande mmoja hadi wa pili, uzi unaonekana ndani na nje, mpana, kama reli ya treni iliyolala juu ya mpira. Ni imara na haukwaruzi ngozi, lakini kila tundu la sindano ni tundu. Kwenye maji ya uvuguvugu hauna neno. Kwenye nyuzi 9, hesabu ni matundu mangapi yamepigwa kutoka kwapani hadi kifundoni.

Namna ya pili ni mshono wa gundi na sindano ya kujificha. Kingo mbili za mpira hupakwa gundi na kukutanishwa, halafu sindano yenye mkunjo inaingia na kutokea upande ule ule bila kutoboa hadi ng'ambo. Uzi wake unaonekana mwembamba, tena upande mmoja. Huu ndio wa maji ya baridi, na siku hizi unapatikana hata kwenye suti za bei ya chini kabisa za msimu wa baridi. Juu yake huongezwa utepe kwa ndani, au ukanda wa mpira wa majimaji uliomiminwa na kukauka juu ya mshono wote. Huo ukanda ndio unaoziba kuliko vyote, nao ndio unaopandisha bei.

Fanya hivi dukani: geuza suti ndani nje, shika mshono kwa vidole gumba viwili, uvute kidogo, uuelekeze kwenye taa. Mshono bapa utakuonyesha nukta za mwanga zilizojipanga. Wa gundi utabaki mweusi. Mimi nilifanya hivi na suti ya kwanza nilipofika nyumbani, nimechelewa, na nukta zile ziliendelea kutoka shingoni hadi kiunoni kama tochi zilizowashwa kwenye foleni. Ilikuwa imeandikwa milimita 5. Hakuna lebo iliyoandikwa kwamba imetobolewa kila mahali.

Ikiwa bajeti hairuhusu utepe kwenye mishono yote, tafuta yenye utepe kwenye sehemu zinazovutwa sana: mabega, kwapa, msamba na nyuma ya magoti. Makampuni mengi hufanya hivyo kwenye suti zao za daraja la kati, na kwangu hapo ndipo mnunuzi mwenye akili anapopaangalia. Daraja la juu kabisa hukupa mpira mwepesi zaidi, laini kama ngozi, lakini ulaini huo mara nyingi huchakaa upesi. Suti ngumu kidogo ya daraja la kati, iliyozibwa vizuri, hudumu.

Unene unaandikwa kwa namba: 4/3 maana yake milimita 4 kiwiliwili na 3 mikononi na miguuni, 5/4/3 hutenganisha zaidi, kiwiliwili, miguu, mikono. Sababu ni kwamba moyo na mapafu vinahitaji ulinzi, mabega yanahitaji uhuru. Kwa kukadiria, maji ya nyuzi 16 hadi 20 yanatosheka na 3/2. Nyuzi 12 hadi 16, vaa 4/3. Nyuzi 8 hadi 12, 5/4. Chini ya 8, nenda 6/5 yenye kofia iliyoshonewa humo humo. Kadirio hilo halijui kama wewe ni mwembamba, kama upepo unavuma, wala kama unakaa nje saa 2 unangoja wimbi moja. Anayeweza kununua moja tu kwa mwaka mzima, ningemshauri achukue 4/3 iliyozibwa vizuri na kuiongezea kofia na buti baridi inapozidi, kuliko kujibebesha mpira mzito utakaomchosha mabega miezi yote.

Upepo nao una sehemu yake. Nje ya suti nyingi kuna kitambaa; kitambaa hushika maji, upepo ukipiga yanakauka na kukupozesha wakati umekaa juu ya ubao. Ndiyo maana utaona baadhi zina kifua cheusi kinachong'aa, mpira mtupu usio na kitambaa. Maji hayakai hapo. Unachanika kirahisi, lakini kifuani haugusani na mambo mengi. Na kwa ndani, bitana yenye manyoya mafupi kifuani na mgongoni inasaidia kweli, hasa kwa sababu inakauka upesi, na hakuna adhabu kama kuvaa suti mbichi asubuhi ya pili.

Zipu: ya mgongoni ni rahisi kuvaa na kwa kawaida bei yake iko chini, ya kifuani inaziba zaidi. Ukipata ya mgongoni, hakikisha kuna kipande cha mpira nyuma ya zipu kinachofunika mgongo na kukaza shingo. Inatosha.

Mtumba hauna aibu, na mbili kati ya suti zangu nzuri ni mtumba. Ila mpira una umri. Vile viputo hubonyea kwa matumizi na mpira hukakamaa, hasa ulioachwa juani au kwenye buti la gari lenye joto. Bonyeza kwa kidole gumba mapajani, halafu bonyeza mabegani. Mpira hai unarudi haraka. Uliochoka unabaki na alama, au unakuwa mgumu kama mkanda wa kiatu. Kunja sehemu isiyo na kitambaa utazame kama kuna mipasuko midogo kama ya udongo uliokauka, ukiiona, acha. Kagua magoti, kisha ndani ya shingo, kisha ncha za utepe kama zimeanza kubanduka. Vuta zipu mara tatu. Tundu dogo lisikukimbize, hilo linazibika kwa gundi. Kinachopaswa kukukimbiza ni mpira uliokufa. Na usichukue suti ya mtumba iliyokuzidi kwa sababu tu hali yake ni safi. Inawezekana mwenyewe aliiuza kwa sababu haikumkaa, wala wewe haitakukaa.

Aliyeamua kununua mpya asubiri baridi inapoelekea kuisha. Maduka yanataka kutoa nafasi kwa vitu vya msimu unaofuata, na suti ya mwaka jana hutofautiana na ya mwaka huu kwa rangi ya mkono na maandishi ya kifuani. Kuhusu majina, ujue kwamba kampuni moja ya Taiwan, Sheico, ndiyo hutengeneza sehemu kubwa ya suti za dunia kwa niaba ya chapa nyingi tofauti. Majina yanatofautiana, mashine mara nyingi ni zile zile. Utaambiwa pia kwamba hii ni neopreni ya mawe ya chokaa, si ya mafuta ya petroli. Ni kweli zipo za namna mbili, lakini zote mwishoni ni mpira ule ule kwa asili yake ya kikemia, na neno chokaa peke yake halikuambii lolote kuhusu mishono. Geuza ndani nje, tazama.

Kosa langu jingine lilikuwa kumaliza hela yote kwenye suti. Tenga theluthi ya bajeti kwa ajili ya kichwa, mikono na miguu, kwa sababu mikono ikifa ganzi umemaliza siku hata kama kifua kina joto. Buti ziwe za kubana. Buti iliyozidi hujaa maji, na ukisimama kwenye ubao mguu unacheza ndani yake. Milimita 5 zinatosha wengi. Suruali ya suti ipite juu ya buti, si ndani yake, la sivyo kila wimbi linajaza kiatu. Glavu za milimita 3 zinakuachia kuhisi ubao. Na masikio, tafadhali. Baridi na upepo wa miaka mingi huufanya mfupa wa tundu la sikio uote na kuliziba taratibu. Wapo waliofikia kufanyiwa upasuaji. Vizibo vya masikio ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja hapa.

Niseme pia jambo ambalo suti haiwezi. Maji ya baridi yanapokugusa mara ya kwanza, pumzi hukatika na kuanza kwenda mbio bila ridhaa yako. Profesa Gordon Giesbrecht wa Kanada, aliyechunguza baridi kwa kujitumbukiza yeye mwenyewe, hufundisha namba 1, 10, 1: dakika 1 ya kuituliza pumzi, takriban dakika 10 za mikono kufanya kazi ya maana, na takriban saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Namba hizo ni za mtu aliyeanguka kwenye maji yaliyokaribia kuganda bila suti, lakini ile dakika ya kwanza inamhusu kila mtu. Mimi huingia hadi kiunoni, najimwagia maji usoni na shingoni, nasubiri pumzi irudi, ndipo nalala juu ya ubao. Na siendi peke yangu.

Ukishaipata, itunze. Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ianike kivulini, kwanza ndani nje, ikunjwe kiunoni juu ya kamba au bomba nene. Ukiitundika kwa mabega, uzito wa maji utayavuta hadi yalegee. Maji ya moto yanaua gundi.

Ninayovaa sasa ni 5/4, mtumba, ina msimu wake wa tatu kwangu. Goti la kushoto lilipasuka kwenye mwamba mwaka jana, mpasuko wa urefu wa kucha. Nilisubiri ikauke kabisa, nikapaka gundi ya neopreni kingo zote mbili, nikangoja isishike kidole, nikapaka tena, nikazikutanisha na kuzifinya mpaka mikono ikauma, nikailaza usiku kucha chini ya vitabu. Kovu lake linaonekana, jeusi, limevimba kidogo. Halipitishi maji.

Juzi maji yalikuwa nyuzi 9 tena. Nilikaa saa moja na nusu, na kilichonitoa majini ni njaa, si baridi. Nilipoivua nilipeleka mkono kule kwenye bonde la mgongo, kama ninavyofanya kila mara. Palikuwa na unyevu kidogo tu, na ngozi ilikuwa ya moto. Kesho upepo unatarajiwa kutoka nchi kavu. Nimeshaigeuza upande wa nje, iko kwenye kamba, inamalizia kukauka.